Nota Imekwama, Mdundo Umepinda: Kutafuta Kasoro Unapohariri MIDI kwenye Sikwensa

Kabla ya kubonyeza chochote, hifadhi wimbo kwa jina jingine. Kama unaitwa HARUSI1, hifadhi HARUSI2 kisha fanyia kazi hiyo ya pili. Sikwensa nyingi za zamani, yaani mashine zinazokumbuka ulichopiga na kukicheza tena, zina UNDO (kutengua) ya hatua moja tu, na ukishagusa kitu kingine hatua hiyo nayo imekwenda.

Jambo la pili ni kukumbuka kwamba sikwensa hairekodi sauti. Inaandika amri za MIDI, lugha ambayo vinanda na mashine za muziki huambiana nayo la kufanya. Kila nota ndani yake ina vitu vinne: namba yake kuanzia 0 hadi 127, mahali inapoanzia, nguvu ya kidole, yaani velositi, kuanzia 1 hadi 127, na urefu wake. Kando ya nota kuna amri nyingine zisizolia zenyewe: pedali, volyumu, kubadilisha sauti, kupinda sauti. Malalamiko karibu yote ninayoletewa na wapiga vinanda wa kwaya na vijana wa studio huishia kwenye mojawapo ya hivyo vinne, au kwenye amri ya kando ambayo mhariri hakuitazama. Kwa hiyo jifunze kufungua orodha ya matukio ya mashine yako, ile safu ya mistari yenye kipimo, pigo na tiki (vipande vidogo vya pigo). Ukitegemea sikio peke yake utahangaika usiku kucha.

Nota imekwama, haitaki kunyamaza

Izime kwanza. Bonyeza STOP mara mbili. Ikiendelea, tafuta kitufe au menyu ya PANIC, ambayo hutuma amri ya kuzima nota zote (kontrola, yaani amri ya kando, namba 123). Usikimbilie kuchomoa umeme kama wimbo bado haujahifadhiwa.

Ukishapata kimya, anza na pedali. Huyu ndiye mkosaji wa mara nyingi kuliko wote. Pedali ya kushikilia sauti ni kontrola namba 64: thamani ya 64 hadi 127 maana yake imekanyagwa, 0 hadi 63 maana yake imeachiwa. Mpigaji alikanyaga katika kipimo cha 7 na kuachia katika cha 8. Wewe ukakifuta cha 8 kwa sababu hukukipenda. Kule kuachia kumefutwa nako, na kuanzia hapo kila nota inashikiliwa. Niliwahi kufuta vipimo viwili vya mwisho vya utangulizi wa wimbo wa harusi, nikajaribu mara moja nikaona uko sawa kwa sababu niliusimamisha mapema. Ukumbini, bibi harusi akiwa katikati ya zulia, vinanda vya nyuzi vikaanza kurundikana juu ya vingine mpaka ikawa kama nyuki wamemwagika. Tangu siku hiyo, kila ninapofuta kipimo huingiza mstari mmoja mwanzoni mwa kipimo kinachofuata: kontrola 64, thamani 0.

Kama pedali ni safi, tazama urefu. Nota iliyoanza tiki chache kabla ya mwisho wa mzunguko na ina urefu unaovuka mwisho huo inaweza kuleta utata, hasa ukifupisha paterni (kipande kifupi kinachojirudia) kutoka vipimo vinane kuwa vinne baada ya kurekodi. Ifupishe ikome kabla ya mpaka.

Sababu ya tatu ni kubadilisha kitu nota ikiwa bado inalia. Tuseme nota namba 60 imewashwa, nawe ukapandisha ufunguo kwa nusu-toni mbili wakati wimbo unatembea. Mashine isiyo makini itatuma amri ya kuzima namba 62, na 60 itabaki inalia yenyewe. Chaneli, ile njia yenye namba inayoelekeza amri kwa sauti fulani, nayo ni hivyo hivyo: ukiihamisha traki kutoka chaneli 1 kwenda 2 katikati ya wimbo, amri ya kuzima inakwenda nyumba ambayo mgeni hayupo. Simamisha wimbo kwanza, ndipo ubadilishe.

Mwisho kabisa angalia waya. Kebo ya MIDI ya pini tano hutumia pini ya 4 na ya 5 kupeleka ishara, na ya 2 ni ngao. Waya uliolegea unaweza kumeza amri ya kuzima na kuacha ya kuwasha ipite. Badilisha kwa kebo nyingine unayoiamini, na usivuke mita 15. Kama nota hukwama mahali tofauti kila unapocheza, shuku waya. Kama hukwama pale pale kila mara, waya hauna kosa: tatizo limeandikwa ndani ya wimbo.

Nota moja inalia kama mbili, au sauti imekuwa ya bomba

Kama hutokea unapopiga kwa mkono lakini si wimbo unapojicheza, ni mpangilio wa Local. Kinanda kinalia chenyewe unapokibonyeza, halafu sikwensa inairudisha nota ile ile kwenye kinanda hicho hicho. Ala mbili zinafanana kabisa, zimepishana kwa milisekunde chache, ndiyo maana inasikika kama mtu anaimba ndani ya pipa. Zima Local kwenye kinanda, uiachie sikwensa kazi ya kurudisha. Ukisahau kuiwasha tena ukienda kanisani bila sikwensa, kinanda kitakuwa bubu na utadhani kimekufa.

Kama hutokea hata wimbo unapojicheza, fungua orodha. Ukiona namba moja ya nota imeandikwa mara mbili mahali pamoja, au zimeachana kwa tiki mbili tatu, kuna mambo mawili ya kuuliza. Je, ulirekodi juu ya mzunguko huku ukirudia kupiga kitu kile kile? Au ulinakili vipimo? Mashine nyingi huwa na namna mbili za kunakili: kubadilisha kilichopo, na kuchanganya na kilichopo. Ukichagua kuchanganya juu ya sehemu isiyo tupu, utapata nota pacha. Futa pacha moja baada ya nyingine, au rudisha kopi ya jana kama ni nyingi mno.

Kuna na jambo la tatu, rahisi hadi linaudhi: traki mbili ziko kwenye chaneli moja.

Nimenyoosha nota, mdundo umeharibika

Hapa tukae kidogo, maana ndipo watu wanapopoteza kazi nzuri kuliko mahali pengine.

Kunyoosha, au kwantaizi kama inavyoitwa studioni, ni kuivuta kila nota hadi kwenye mstari wa gridi ulio karibu nayo. Mashine haijui wimbo. Inapima umbali tu. Kwa hiyo swali la kwanza ni: gridi uliyochagua ni ya wimbo huu?

Pigo moja hugawanywa katika tiki. Akai MPC60 ya mwaka 1988, ile aliyoibuni Roger Linn, iligawa robo-nota katika tiki 96. Yamaha QY70 iligawa katika 480. Tuchukue 480. Gridi ya moja ya kumi na sita ina mistari kwenye tiki 0, 120, 240 na 360. Gridi ya tatu kwa pigo ina mistari kwenye 0, 160 na 320.

Sasa chukua chakacha. Mwendo wake ni wa sita kwa nane, kila pigo kubwa linagawanyika mara tatu. Mpigaji wako amecheza vizuri kabisa, nota zimekaa karibu na 0, 160 na 320. Wewe ukabonyeza kunyoosha kwa moja ya kumi na sita kwa sababu ndiyo mashine iliyowaka nayo. Nota ya 160 iko tiki 40 kutoka 120 na tiki 80 kutoka 240, basi inavutwa nyuma kwenye 120. Ya 320 iko tiki 40 kutoka 360, inasukumwa mbele. Mgawo uliokuwa sawa kwa sawa umekuwa 0, 120, 360: mbili zimebanana mwanzoni, pengo katikati, na ya mwisho inaikimbilia pigo linalofuata. Kiuno hakiwezi kulifuata jambo hilo. Mtu atasema mpiga ngoma ni mbovu, kumbe ngoma ilikuwa nzima kabla hujaigusa.

Dawa ya kwanza ni UNDO. Ikiwa imepitwa, usikate tamaa: haribiko hili lina mpangilio, na linarudishika. Nyoosha tena sehemu ile ile kwa gridi ya tatu kwa pigo. Nota iliyopelekwa 120 iko karibu zaidi na 160, itarudi. Iliyopelekwa 360 itarudi 320. Zitakazobaki mbovu ni zile ambazo mpigaji alizichelewesha au kuziwahisha sana. Nota ya 160 iliyopigwa baada ya tiki 180 ilivutwa hadi 240, na 240 iko katikati kabisa ya 160 na 320, hivyo mashine inaweza kuipeleka popote. Hizo zitafute kwenye orodha uzisogeze kwa mkono. Kitakachokuwa kimepotea moja kwa moja ni ule mpumuo wa mpigaji, kule kuwahi na kuchelewa kidogo kunakoufanya wimbo uwe na mwili. Hakuna kitufe cha kurudisha hicho isipokuwa kopi uliyohifadhi.

Kama gridi ni sahihi na bado mdundo umekauka, punguza nguvu ya kunyoosha. Mashine yenye kipimo cha asilimia, weka 50: nota ya tiki 20 nje ya mstari itasogea hadi 10. Mimi ngoma kubwa na besi huzinyoosha zaidi, kinanda cha kuongoza sikigusi. Kwenye MPC kuna pia swingi (kuchelewesha kila nota ya pili), kuanzia asilimia 50 hadi 75, ambapo 50 ni mgawo ulionyooka na kwenye 66 hivi unafika mgawo wa tatu. Usiweke swingi juu ya nota ambazo tayari umezinyoosha kwa gridi ya tatu. Chagua njia moja.

Malalamiko mawili madogo ya jamaa hiyo. La kwanza: kodi iliyopigwa kwa kupitisha vidole mmoja mmoja, au mrindimo wa ngoma, umekuwa mpigo mmoja. Nota zote zilikuwa karibu na mstari mmoja, zote zikavutwa hapo. Ziache nje ya uteuzi kabla ya kunyoosha.

La pili: nota ya kwanza kabisa ya wimbo imepotea. Mpigaji aliwahi kidogo, akapiga wakati mashine bado inahesabu, na mashine nyingi haziandiki kilichopigwa wakati wa hesabu. Katika mzunguko wa vipimo vinne, nota hiyo huonekana mwishoni, mahali kama kipimo cha 4, pigo la 4, tiki ya 470. Baadhi ya mashine ukinyoosha zitaileta mwanzo, nyingine zitaiacha mkiani. Ifute huko, iandike upya kwenye 1:1:0. Ili isirudie, acha kipimo cha kwanza kitupu kila unaporekodi.

Nimebadilisha nota lakini sisikii tofauti

Angalia uko traki gani. Ndiyo, hilo. Nimewahi kumwona mtu mzima akirekebisha besi kwa robo saa huku akiwa kwenye traki ya filimbi iliyonyamazishwa.

Kisha uliza kama unasikiliza paterni uliyoihariri au wimbo uliotengenezwa kutokana nayo. Kuna mashine ambazo ukigeuza paterni kuwa wimbo hutengeneza nakala, na kuanzia hapo hizo mbili hazijuani.

Kama ulichobadilisha ni velositi, jaribu kwa thamani za kupindukia: iweke 10, sikiliza, iweke 120, sikiliza. Ikilia vile vile, sauti yenyewe haijali nguvu. Sauti nyingi za ogani ziko hivyo kwa makusudi, kwa kuwa ogani halisi haijui umeibonyeza kwa hasira au kwa upole. Tumia kontrola 11 kupandisha na kushusha ukubwa wa sauti. Upande wa ngoma, kama kila pigo limeandikwa 127, huenda kitufe cha FULL LEVEL, kinachoandika kila pigo kwa nguvu ya juu kabisa, kilikuwa kimewashwa wakati wa kurekodi. Kizime, na zile zilizokwisha kuandikwa zishushe moja moja au kwa uteuzi.

Nota ni sahihi, sauti siyo

Imepanda au kushuka oktavo nzima: majina yanagongana. Nota namba 60, ile C ya katikati, Yamaha huiita C3 na Roland huiita C4. Mwalimu wa kwaya akikuandikia C4 kwenye karatasi, muulize kinanda chake ni cha nani, au zungumzeni kwa namba.

Kinanda kimegeuka ngoma, au ngoma zimekuwa piano: katika General MIDI, mpangilio wa pamoja wa namba za sauti wa mwaka 1991, ngoma hukaa chaneli 10. Huko nota 36 ni ngoma kubwa, 38 ni snea, 42 ni haihati iliyofungwa na 46 iliyofunguliwa. Mashine isiyofuata mpangilio huo inaweza kuweka kengele mahali pa snea. Usihangaike kuihariri nota kwa nota; tafuta amri ya kuhamisha namba zote za 38 kwa mkupuo.

Sauti imekosea kwa hatua moja, umeomba namba 25 ukapewa 26: mashine moja inahesabu kuanzia 0, nyingine kuanzia 1. Punguza moja.

Wimbo ukianza mwanzo sauti ni sawa, ukianzia katikati ni nyingine: amri ya kuchagua sauti imeandikwa kipimo cha 1 tu, nawe umeiruka. Inakili mwanzoni mwa kila sehemu unayoanzia mazoezi.

Nota zinajikokota

Waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, kasi ile ile iliyowekwa mwaka 1983. Amri kamili ya kuwasha nota huchukua karibu milisekunde moja. Kodi ya vidole kumi, na ngoma na besi kwenye pigo hilo hilo, zinapanga foleni kama abiria wa kivuko cha Likoni. Kwa kawaida sikio linavumilia. Lisilovumilia ni pale kinanda kinapomwaga mamia ya amri za mgandamizo wa kidole ambazo hata hukujua unazirekodi. Ukifungua orodha ukakuta kurasa tupu za nota zimejaa mstari huo mmoja, umepata jibu. Futa aina hiyo ya tukio pekee, uizime kwenye kichujio cha kurekodi, na nota zitapata nafasi ya kupita.

Na kama unabonyeza PLAY na hakuna kinachotembea kabisa, mashine inasubiri saa ya nje, yaani mapigo ya mwendo kutoka mashine nyingine. Irudishe kwenye saa ya ndani.

Mahali pa kuacha na kumwita fundi

Yote hapo juu hufanywa kwa vidole na menyu. Yafuatayo sivyo.

Harufu ya kuungua, moshi, skrini inayopepesa pamoja na mlio wa umeme kwenye spika: chomoa, usiwashe tena kujaribu. Kapasita za ndani ya pawasaplai hubaki na chaji hata baada ya kuchomoa, na zinaweza kukudhuru. Usifungue.

Umenunua sikwensa ya mtumba iliyotoka Japani: geuza nyuma usome kibandiko kabla ya kuichomeka. Kule umeme ni volti 100, ukutani kwetu ni 230 hadi 240. Ikiwa imeandikwa 100 pekee, inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na kigeuza umbo la plagi hakishushi volti hata moja.

Mashine inasahau kila kitu ukiizima. Kwanza hakikisha si desturi yake: nyingi huweka wimbo kwenye kumbukumbu ya muda mpaka uhifadhi kwenye diski au kadi. Kama zamani ilikuwa ikikumbuka na sasa haikumbuki, betri ya ndani imechoka. Hamisha nyimbo zote nje kabla ya chochote, maana kuitoa betri kunaweza kufuta zilizobaki. Iliyochomekwa kwenye kishikio ni kazi ya dakika chache kwa mwenye uzoefu. Iliyochomelewa kwenye bodi, au iliyovuja na kuacha ukungu wa kijani, ni ya fundi.

Kitufe kimoja kikiandika nota mbili kwa mguso mmoja, hata kwenye wimbo mpya mtupu, hiyo ni mguso uliochakaa na si kosa la uhariri. Na usisasishe programu ya mashine siku ambayo umeme unakatika-katika. Ikizimika katikati, inaweza isiwake tena.

Ukienda kwa fundi, mpelekee jina kamili la modeli, orodha ya vilivyokuwa vimeunganishwa, picha ya skrini ya matukio mahali kasoro inapotokea, na adapta ile ile unayoitumia kila siku, si ya kuazima.